Jikoni au Ulingoni

Nisula, Michigan
18 Oktoba 2004

Onni, mzee mwenzangu,

Habari kubwa: kambi imenichagua mimi kuwa mkuu wa mawindo mwaka huu. Kura zote! Clovis alitokwa na machozi, Wes akapiga makofi mpaka meno yake ya bandia yakatumbukia kwenye supu. Hata mbwa wa Clovis alisimama kwa heshima.

Haya, si kweli. Najua huko Arizona ulishaanza kucheka tangu mstari wa pili, basi nisijichoshe. Ukweli ni kwamba wanataka kunipeleka jikoni.

Jikoni, Onni! Mimi! Unajua jinsi mambo yetu yalivyo: asiyeweza tena kupanda mti anakabidhiwa mwiko. Marehemu baba yako alikabidhiwa. Wes naye alikabidhiwa moyo wake ulipoanza kumsumbua, ndiyo maana tunakula maharage yenye ladha ya masizi miaka yote hii. Na sijaona hata mmoja aliyeshika mwiko akarudi juu. Anabaki chini anamenya viazi, akisikia bunduki inalia kule msituni anatoka mlangoni na kisu mkononi kuuliza, “Nani kapiga? Nani kapiga?” na hakuna wa kumjibu.

Eti sababu yao ni kwamba nimeanguka. Sikuanguka. Nilikuwa nakagua ngazi ya ulingo wako wa kuotea kulungu, ule wa kwenye msonobari kando ya bwawa, nikashuka haraka kidogo kuliko ngazi yenyewe ilivyotarajia. Basi. Clovis akanikuta nimekaa kwenye majani napumzika, akaanza kupiga yowe kama mama mkwe wake. Tangu siku hiyo ananitazama kama gari bovu ambalo mwenyewe hajui alipeleke wapi.

Sheria yetu bado ipo pale ukutani ilipoandikwa kwa mkaa: mtu hapelekwi jikoni mpaka wenzake wote wakubali. Clovis amekubali. Wes amekubali, maana Wes hukubaliana na yeyote aliyemjazia kikombe mara ya mwisho, na siku ile Clovis ndiye aliyekuwa na chupa. Umebaki wewe. Ukisema ndiyo, nimekwisha. Ukisema hapana, napanda.

Sitakukumbusha ule mwaka ulipozama kinamasini mpaka kiunoni, nikakuvuta ukatoka na kiatu kimoja, meno yanagongana, ukasema, “Arvo, siku yoyote uombe lolote, dogo au kubwa.” Sijaomba mpaka leo. Na sasa pia siombi. Kura iliyonunuliwa kwa fadhila inanuka, na mimi nanuka vya kutosha bila msaada wake. Nataka useme kwa akili yako mwenyewe kwamba bado naweza kukaa mtini.

Jioni ile ya mkesha wa msimu itakuwa kavu tena, bila wewe na bila mkate wa iliki wa marehemu mkeo Saima. Na wewe na siri yake ya ule mkate! Serikali yenyewe haifichi mambo hivyo.

Wako mwenye mikono miwili mizima,
Arvo Kesti


Nisula
21 Oktoba 2004

Onni,

Arvo atakuwa ameshakuandikia. Sijaisoma barua yake lakini naweza kukusimulia yaliyomo. Atakuwa amesema hakuanguka.

Alianguka. Nilimkuta chini ya msonobari wako, kofia kichwani, anatafuna biskuti kana kwamba alikwenda pale kustarehe. Nikamwambia, “Inuka twende.” Akasema, “Sijamaliza biskuti.” Alipomaliza akatoa nyingine. Hapo nikajua hawezi kuinuka.

Ni bega la kulia. Mkono haupandi kupita kifua. Jumamosi kwenye sauna, tukijifukiza mvuke, alikuwa ananiomba mimi nimwage maji kwenye mawe, yeye ambaye hajawahi kumwachia mtu ile kata toka tumjue. Nywele anazichania mkono wa kushoto, mstari umehamia upande wa pili. Dorine mke wangu alimuuliza kulikoni, akajibu kwamba ndiyo mtindo wa mjini. Kwa daktari hataki. Anasema daktari ni mtoto wa Kangas, na Kangas mwenyewe hakuwa na akili.

Nimeendesha gari la kusafisha theluji miaka mingi, nimeshavuta watu wengi mitaroni, wengine wazima na wengine hapana. Huyu sitaki kumvuta. Nilimwambia hivyo hivyo, Mfini huyo akaniita Mfaransa mla vyura mbele ya mke wangu. Namvumilia. Amekuwa akiniita hivyo tangu tukiwa vijana, siku hiyo tu alisema kwa hasira.

Jikoni kuna joto na kuna kiti. Hakuna aibu. Sema ndiyo, Onni. Acha anichukie mimi, nimeshazoea.

Clovis Beaudry


Mesa, Arizona
29 Oktoba 2004

Kwa kambi nzima. Wes asome kwa sauti, kwa kuwa ndiye pekee mwenye miwani inayofanya kazi. Arvo asimkatize.

Nimepata barua mbili kuhusu mtu mmoja aliyeanguka na ambaye hakuanguka. Sisemi ndiyo na sisemi hapana. Nasema hivi.

Msimu huu Arvo apande. Apande kwenye ulingo wangu, una ngazi pana na uko chini kuliko nyingine. Akifika juu afunge mkanda kiunoni kabla ya kufanya lolote. Bunduki isipande naye. Ifungwe kamba pale chini, tupu bila risasi, aivute akishakaa, kama tulivyofundishwa. Na fundo alifunge Clovis, ili lawama iwe na mwenyewe.

Halafu, siku ya kwanza ikiisha, mashati yaamue. Anayefyatua risasi na kulungu akaenda zake hukatwa mkia wa shati lake na kipande kikapigiliwa ukutani. Hilo tumelikuta na tutaliacha. Changu mimi kiko pale juu ya kalenda, cha buluu, msijifanye hamkioni. Mwaka huu naongeza jambo moja: atakayekatwa siku hiyo ya kwanza ndiye atashika mwiko kuanzia mwakani, awe nani awe nani, bila kubishana. Asipokatwa mtu, Wes aendelee kutuua polepole.

Mimi huku nimewekwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya bwawa la kuogelea la binti yangu. Naotea tangu Jumapili. Mpaka sasa amepita paka.

Onni Lampela


Nisula
17 Novemba 2004

Onni,

Kaa vizuri kwenye hicho kiti chako. Dume! Pembe zenye matawi kumi, shingo kama gogo. Nimempiga risasi moja, akalala pale pale kama mtu aliyechoka na mkutano. Sasa ananing'inia kwenye mti wa kambi, watu wanatoka mpaka Covington kuja kupiga naye picha, na padri amebariki bunduki yangu.

Sawa. Hakuna dume kwenye mti. Kwenye mti kuna soksi za Wes zinakauka. Lakini dume yupo, Onni, nilimwona, na ninayokwambia kuanzia hapa ni kweli tupu, na huwaambii wengine.

Tulitoka kambini bado giza, tumbo limejaa uji wa Wes, ule ambao mwiko unasimama wenyewe. Theluji ilikuwa inafika kifundo cha mguu, laini, haina kelele. Clovis akanisindikiza mpaka kwenye msonobari wako kama bwana harusi. Nikapanda. Sikuteleza hata kipandio kimoja, andika hilo mahali. Nikafunga mkanda. Yeye chini akafunga bunduki kwenye kamba, akanong'ona, “Umekaa?” Nikamwambia, “Nimekaa, nenda zako, unanukia vitunguu.” Akavuka kwenda ng'ambo ya bwawa kwenye ulingo wake.

Nikaanza kuvuta. Bunduki ikapanda kidogo, mara puu, ikarudi kwenye theluji. Fundo la Clovis limefunguka. Mimi juu, bunduki chini, na alfajiri ya siku ya kwanza ya msimu inaingia. Ningefanya nini? Nimwite, msitu mzima unisikie? Nishuke, halafu nipande tena na vipandio vimeshaanza kuganda? Nikajisemea, Arvo, kaa. Huenda bunduki ikapanda yenyewe.

Nikakaa.

Onni, toka nianze kuwinda sijawahi kukaa mtini bila bunduki. Ni kitu kingine kabisa. Ukiwa na bunduki kila kijiti kinachovunjika ni kulungu. Ukiwa huna, kijiti ni kijiti. Wakaja kunguru wawili wakagombana juu ya jambo la kifamilia. Akaja ndege mdogo, wale wenye kofia nyeusi, akatua kwenye ncha ya kiatu changu, akanikagua, akaona sifai kuliwa, akaondoka. Nilikuwa nimeificha pai ya nyama ndani ya shati ili isigande. Nikaila kidogo kidogo. Vidole vya miguu viliniaga mapema. Mchana wakapita majike na watoto wao, taratibu, wanachimba theluji kwa kwato. Nikawahesabu ili nisisinzie, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni kimya. Unakijua kile kimya. Nikafungua jicho moja.

Alikuwa anakuja pua chini, anafuata njia ya majike, hana haraka. Akasimama. Akainua kichwa, akaona bunduki yangu. Ukipenda cheka, lakini alikwenda moja kwa moja mpaka shinani, akainusa, halafu akaanza kuilamba. Alilamba kitako cha bunduki, pale mkono wangu unaposhika, sijui ni chumvi ya jasho au ni mafuta ya nyama. Nimeisafisha bunduki ile maisha yangu yote na sijawahi kuifanya ing'ae hivyo.

Nilimwona mgongo. Nani kati yetu ameshamwona kulungu mgongoni, yuko hai? Theluji ilikuwa imetua pale na haiyeyuki. Sikio la kushoto lina mpasuko wa zamani. Ningeweza kumtemea mate. Nilibanwa na kikohozi, nikakimeza, kikarudi, nikakimeza tena. Halafu chembe ya pai ikaniponyoka ndevuni ikamwangukia mgongoni. Ngozi ikamtetemeka kama ya farasi aliyetuliwa na nzi. Ndipo akatazama juu.

Tukatazamana. Sijui aliona nini. Mimi niliona mtu ambaye hana wasiwasi wowote na mimi. Akageuka, akatembea ukingoni mwa bwawa kuelekea upande wa Clovis, na kule, paa!

Na hakuanguka! Mkia mweupe juu, ruka, ruka, hayupo. Clovis Beaudry, anayejisifia kwamba anapiga kofia ya uyoga, amekosa kitu kikubwa kama ng'ombe!

Jioni alikuja kuniteremsha. Akaiona bunduki kwenye theluji, akajilaani mwenyewe kwa sauti kuhusu lile fundo, mpaka Wes aliyekuwa anakuja na taa akasikia. Kwa hiyo ushahidi upo. Wes aliponiuliza kama nimeona chochote, nikamwambia hakikupita kitu chini yangu, hata kindi. Sitaki waanze kunitungia hadithi.

Kukata shati ulikosa, bwana. Wes aliisoma tena sheria yako yote, amesimama kama hakimu. Mkasi nilishika mimi, kwa mkono wa kushoto, kwa mbwembwe.

“Mshike, Wes, asije akatoroka.”

“Kata kidogo, bwana! Hili shati jipya.”

“Jipya? Basi litapendeza ukutani.”

“Arvo, Dorine ataniua. Ni zawadi.”

“Mwambie ulinaswa na mwiba.”

“Mwiba gani unakata mstari ulionyooka hivi?”

“Mwiba wa Kifini.”

Kipande chake, cha mirabaraba myekundu, kimepigiliwa karibu na chako cha buluu. Kitu kimoja tu kimenishangaza. Clovis huyu hubishana hata na barometa. Mara hii hakubisha hata neno. Alichukua mwiko kutoka kwa Wes, akautazama, akauweka rafuni.

Kwa hiyo nimeshinda. Mwakani mimi juu, yeye chini na viazi.

Wako, asiyekatwa shati,
Arvo


Nisula
19 Novemba 2004

Onni,

Haya ninayaandika nikiwa garini mbele ya duka la vifaa, maana nyumbani Dorine ananiuliza kuhusu shati.

Arvo anasema hakuona kitu. Nilikuwa na darubini. Nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama msitu, kuanzia kulipopambazuka.

Fundo halikufunguka. Alivuta kamba, bunduki ikafika kama kiuno cha mtu, halafu mkono ukamwangusha. Nilimwona anashika bega na kuinama. Akajaribu tena. Akajaribu kwa meno, Onni, aliuma kamba kwa meno huku anavuta kwa kushoto. Kisha akaiachia. Akavuta kofia mbele, akakunja mikono, akatulia kama mtu aliyeko kanisani.

Nilitaka kushuka nimwendee. Sikushuka. Ningemwendea pale, nikamvutia bunduki kama mtoto, ndiyo ungekuwa mwisho wa urafiki wetu, na huenda mwisho wake yeye. Nikakaa nikamlinda kwa mbali, hayo tu.

Dume lilipokuja chini yake sikuweza kupiga, Arvo alikuwa nyuma yake kwenye mstari wa risasi. Nikatazama linalamba ile bunduki. Nikamtazama Arvo juu, amekodoa macho, shingo imemtoka kama kobe. Nilicheka mpaka machozi yakaniganda. Dume likaja upande wangu, likasimama ubavu wazi, mahali ambapo nimeua kulungu wangu wote. Bado nilikuwa nacheka. Mtutu ulikuwa unaruka kama mtu anayeendesha trekta shambani. Nilikosa, na usifikiri nilikosa kwa makusudi. Mimi si mtakatifu, nililitaka lile dume.

Jioni nilitangulia kufika msonobarini. Bunduki imelala kwenye theluji, na fundo langu liko vile vile, limeganda gumu kama jiwe. Taa ya Wes ilikuwa inakuja. Wes akiliona lile fundo atasema, si kwa ubaya, ila atasema, na Nisula nzima itajua kabla ya Jumapili. Basi nikalifungua. Halafu nikapiga kelele, “Mungu wangu, fundo gani hili nimefunga!” Nikamteremsha, buti moja moja nikiliweka kwenye kipandio kwa mkono wangu. Alinitukana toka juu mpaka chini, mimi na ukoo wangu na mji wa Quebec tulikotoka.

Sikuombi ubadilishe sheria. Mwiko nimeupokea. Jambo moja tu linaninyima raha: mwakani mimi nikiwa jikoni, nani atakuwa ng'ambo ya bwawa na darubini?

Clovis


Mesa
27 Novemba 2004

Arvo,

Sheria ni sheria. Clovis ashike mwiko.

Ulingo wangu uchukue uwe wako kabisa. Mimi sirudi huko tena. Daktari alishasema mwaka jana, mwaka huu nimemsikia. Usiniandikie maneno ya kunipa moyo, huyajui na yatakuchosha mkono.

Nina swali moja, na usinijibu haraka. Mwakani, Clovis akiwa anamenya viazi, nani atakufungia hilo fundo linalofunguka?

Paka amerudi. Safari hii alitazama juu.

Onni


Nisula
6 Desemba 2004

Onni,

Sikukuandikia maneno ya kukupa moyo. Niliyaandika, nikayasoma, nikawashia jiko. Ulingo wako nimeufuta theluji na nimeugonga misumari miwili iliyokuwa inatoka. Nilituma mtu agonge, mimi nilisimama chini nikimwonyesha makosa yake.

Sasa hilo swali lako. Mzee mjanja wewe. Clovis kakuandikia, sivyo? Usinijibu. Kama hakukuandikia basi wewe ni mchawi, na vyote viwili nakusamehe.

Hebu nikwambie jambo, na ukimwambia yeye nitapanda basi nije huko nikusukumie hicho kiti bwawani. Nilikuwa juu, Onni. Aliye juu anaona kofia za watu wote. Nilimwona Clovis anakuja peke yake, mbele ya taa ya Wes. Nilimwona anapiga goti kwenye theluji. Akavua glavu. Fundo likamkatalia, akainama akalifungua kwa meno, anatazama nyuma kama mwizi wa kuku. Likafunguka. Akasimama, akafuta mdomo, ndipo akaanza kujilaani kwa lile fundo baya. Sijawahi kumwona mtu anaigiza vibaya vile. Hata Wes asingeamini, kama Wes angekuwa na tabia ya kufikiri.

Ndiyo maana nilimtukana njia nzima ya kushuka. Ningefungua mdomo kwa lingine lolote lingenitoka lisilofaa, na kwenye baridi ile kope zinagandana.

Basi Jumamosi tulikwenda kufunga kambi kwa ajili ya majira ya baridi, na Clovis akasema aanze mazoezi. Alitupikia mchuzi. Onni, nimekula chakula cha jeshi, nimekula chakula cha hospitali, na kwa miaka hii yote nimekula cha Wes. Wes mwenyewe alionja akaweka kijiko chini akasema, “Arvo, naomba radhi kwa yote niliyowahi kupika.” Mbwa alinusa akaomba kutoka nje.

Nikasimama nikamwambia Clovis, “Lete huo mwiko.”

“Sheria inasema mimi.”

“Sheria inasema upike. Haikusema tule.”

“Usinichezee, Arvo. Umeshinda, mwakani unapanda. Onni amekupa ulingo wake.”

“Ndiyo, ni wangu, na mwenye mali humpa amtakaye. Utakaa wewe. Ngazi ni pana na wewe una makalio mapana.”

“Una uhakika?”

“Nina njaa. Uhakika ndio huo. Na maini ya kulungu wa kwanza yanakuja kwangu, na ukifyatua bunduki usije ukanificha nani kapiga. Nitakuwa mlangoni nauliza.”

Akauchukua mwiko. Nikadhani anataka kusema neno, nikamwahi, nikamwita mla vyura. Akacheka. Akanipa mwiko, na kwa kuwa aliunyoosha juu sana, akaushusha mpaka usawa wa kifua changu, nikaupokea.

Kwa hiyo wewe ndiye umebaki na shida na mimi. Unakumbuka kinamasi. Kiatu chako bado kiko kule, huenda kimeshaota uyoga. Ulisema siku yoyote, niombe lolote, dogo au kubwa. Kwa kura sikukuomba. Leo naomba, na ni dogo: niandikie jinsi Saima alivyokuwa akiupika ule mkate wa iliki. Iliki kiasi gani, na kama aliitwanga pamoja na maganda. Aliuumua kwa muda gani na alijuaje kwamba umeumuka. Na ule msuko wake wa vipande vitatu, kama nywele za msichana, uuchore kabisa, maana mkono mmoja utanifanyia ukaidi. Andika kwa herufi kubwa. Sitamwonyesha mtu, nitayakariri maelezo kisha niichome karatasi.

Usicheleweshe mpaka mkesha ujao, nataka nifanye mazoezi nikiwa peke yangu, nyumbani, mlango umefungwa. Unga nimeshanunua.

Arvo Kesti